Chokaa, Klore na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hapumui tena kama watu wengine. Akitoka kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya parsele yetu, kiwanja tunachoishi, kuja jikoni, hatua thelathini hivi, hupumzika mara mbili, mkono ukutani, na kifua chake hulia filimbi ambayo naisikia hadi sebuleni. Watu wanaotujua hapa Bunia husema mimi ndiye niliyemwokoa. Nimechoka kulisikia neno hilo. Nataka kueleza ilivyokuwa, hata kama nikimaliza hakuna atakayeniita tena kufungua hata bomba la choo.

Mimi ni fundi wa maji. Sina diploma ya kutundika ukutani, lakini ni pampu chache sana katika mji huu ambazo hazijawahi kunipaka grisi. Na kazi inayonilisha zaidi kuliko pampu ni chokaa. Maji ya visima virefu tunavyochimba siku hizi ni safi, ni matamu mdomoni, lakini yamebeba mawe ndani yake. Ukiyachemsha, yale mawe hujitenga na kung'ang'ania chuma. Birika huota ngozi nyeupe, bomba hujiziba kidogo kidogo, na mwenye nyumba hulalamika kwamba kuni za sasa hazina moto. Kuni hazina kosa lolote. Moto unahangaika kupenya ukuta wa mawe kabla haujayafikia maji.

Siku hiyo niliitwa kwenye maternite moja, nyumba ya kujifungulia, ambayo sitaitaja jina. Nyuma ya jengo lao kuna chumba cha kufulia, na ndani ya chumba hicho kuna jiko la matofali lenye serpentini, yaani bomba la shaba lililozungushwa mizunguko mingi juu ya moto. Maji baridi huingia chini, huzunguka yakipata joto, hutoka juu yakiwa tayari kwa kuoga. Kina mama waliojifungua usiku walikuwa wakiyategemea asubuhi. Lakini kwa muda wa wiki nzima maji yalikuwa yakitoka matone matone, kama mkojo wa mbuzi mgonjwa, na hata hayo matone yalikuwa vuguvugu tu. Wanawake walikuwa wakioga baridi, na kwa baridi ya asubuhi ya huku kwetu hiyo ni adhabu.

Sasa nieleze habari ya mama mkwe, maana bila hiyo hamtanielewa.

Alikuja kwetu akikimbia kutoka upande wa Bule, na kitenge kimoja na biblia, nyumba yake ikiwa imeshakuwa majivu. Nilimjengea chumba na jiko nyuma ya parsele. Mwaka ule ule Ebola ilikuwa imetuingilia, na maternite ile ilikuwa ikitafuta watu wa kazi ya klore, ile dawa ya kuua vijidudu. Aliandikwa. Alifundishwa kuchanganya, kupulizia, kuosha, na alifundishwa sheria moja ambayo aliishika kuliko amri kumi: hakuna majimaji machafu yatakayomwagwa nje ya maternite kabla hayajatiwa klore. Ndoo ya damu, ndoo ya matapishi, ndoo ya maji ya kupigia deki, zote klore kwanza. Ugonjwa uliisha, mahema yaliondolewa, wazungu walipanda ndege, wengine wote wakalegeza kamba. Yeye hakulegeza. Alikuwa ameona jirani zake wakizikwa ndani ya mifuko.

Na kwetu, mwanaume na mama wa mke wake hawazoeani. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, hatutazamani usoni. Akiwa na neno kwangu, humwambia binti yake, na mimi hujibu kwa njia hiyo hiyo. Kwa miaka yote tuliyokaa parsele moja, naweza kuchora nyayo zake kwenye vumbi, lakini uso wake niliujua kwa kuuibia tu. Vijana wa siku hizi hutucheka. Mimi niliona fahari. Kila mtu pale mtaani alijua kwamba nina heshima, na mama mkwe mwenyewe alikuwa akiwasimulia wenzake kanisani kwamba mkwe wake ni mtu aliyelelewa.

Kwa hiyo asubuhi ile, nilipofika na bidoni langu, lile dumu la asidi, na pampu yangu ndogo, nikamkuta yuko mwisho wa baraza anapiga deki, niligeuza uso nikamtafuta muuguzi wa zamu. Wote tunamwita Muganga. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, mzaliwa wa Butembo, na ulimi wake hauna breki.

Nikamwambia, "Muganga, umuambie mama asiguse mashine."

"Si ule anapiga deki pale? Umuambie weye mwenyewe."

"Muganga, tafazali."

"Siye kule Butembo tunaheshimu bakwe pia," akasema, "lakini hatukimbiane sawa paka na panya." Akacheka, kisha akapaza sauti kuelekea mwisho wa baraza. "Mama! Mukwe wako anasema usiguse mashine!"

Mama mkwe akajibu bila kuinua kichwa, naye akimjibu Muganga, si mimi. "Umuambie nimesikia. Sitaigusa."

Hayo ndiyo maneno niliyomtumia: asiguse mashine. Nilikuwa na mengine ya kusema. Nilipaswa kusema kwamba ndani ya kile chumba kutakuwa na asidi, kwamba itakuwa ndani ya ndoo, kwamba ndoo hiyo haitakiwi kukutana na klore hata kwa tone, maana vikikutana huzaa moshi wa sumu. Lakini ujumbe mrefu kwa mama mkwe kupitia mdomo wa mtu mwenye sauti kama ile, mbele ya wagonjwa, ulinitia haya. Nikaukata. Nilijiona mstaarabu sana kwa kuukata.

Kazi yenyewe naijua kama ninavyojua kufunga kamba za viatu. Moto walikuwa wameuzima tangu jana yake kama nilivyowaagiza, jiko lilikuwa limepoa. Nilifunga maji, nikafungua viungo viwili vya serpentini, cha chini na cha juu. Nilivaa glavu ndefu na miwani. Nilijaza ndoo maji nusu, kisha nikamimina asidi polepole ndani ya maji. Kamwe si maji ndani ya asidi. Ukifanya hivyo inakurukia machoni. Pampu inanyonya kutoka kwenye ndoo, inasukuma ndani ya serpentini kwa kiungo cha chini, na mpira wa pili unarudisha dawa ndoo ile ile. Inazunguka hivyo saa nzima na zaidi. Asidi inakula chokaa na kutoa povu, na povu likikoma ujue ama chokaa imekwisha au asidi imechoka. Halafu unaiua kwa magadi, unasuuza, unasuuza tena, unasuuza mpaka mikono inachoka. Kuna mafundi hapa mjini wanaogonga bomba kwa nyundo mpaka shaba inapasuka. Hao siwazungumzii.

Kile chumba kina mlango mmoja. Dirisha lake ni la vioo visivyofunguka, la kuingiza mwanga tu, kwa hiyo niliuacha mlango wazi ili hewa ipite. Ndoo niliyotumia ilikuwa ya pale pale maternite, maana yangu ilikuwa imepasuka. Niliichukua ukutani bila kuuliza ni ya nani. Ilikuwa ndoo ya kazi ya mama mkwe.

Povu lilipopungua nilikumbuka kwamba magadi nimeyaacha kwenye pikipiki langoni. Bwana aliyenifundisha kazi hii alikuwa akisema asidi ni mtoto anayetambaa, huiachi peke yake. Nikaiacha. Nikaenda langoni, nikachukua mfuko wangu, na badala ya kurudi mbio nikasimama na mlinzi tukamcheka mwendesha pikipiki aliyeangukia tope na mzigo wa matikiti. Tulicheka sana. Ni kicheko ninachokikumbuka kuliko vyote nilivyowahi kucheka, na nakichukia.

Niliporudi nilipitia uani, upande wa dirisha. Nikamwona mama mkwe kupitia kioo. Alikuwa ameinama juu ya ndoo yangu, ndoo yake, iliyojaa maji ya kijani yenye povu chafu, na mkononi alikuwa na galoni lake la klore. Pampu hakuigusa. Mpira hakuugusa. Alikuwa ametii neno langu lote.

Galoni lilikuwa linaanza kuinama.

Nataka kusema ukweli hapa, kwa sababu ndiyo sehemu niliyoificha. Palikuwa na nafasi. Ndogo, lakini ilikuwepo. Ningeweza kupiga kioo kwa ngumi. Ningeweza kupiga kelele "Mama, acha!" Nilifungua kinywa, na jina la kumwita likanikwama, kwa sababu sikuwahi kumwita hata siku moja. Nikageuza kichwa upande wa baraza nikaita kwa nguvu zangu zote, "Muganga! Umuambie mama aache! Umuambie aache!" Muganga alikuwa ndani na mwanamke anayesukuma mtoto. Niliporudisha macho kwenye kioo, galoni lilikuwa limekwisha kumiminwa.

Moshi ulitoka mara moja. Haukuwa mweusi wala mweupe, ulikuwa na rangi ya ndizi inayoanza kuiva, na ulikuwa mzito, ukitambaa chini kuliko kupanda. Nikakimbia kuzunguka jengo mpaka mlangoni. Harufu ilinipiga kabla sijafika, ikanifunga koo, machozi yakanitoka. Nikasimama pale kizingitini, mkono mmoja kwenye mwimo, nikiita, "Muganga, mama iko ndani! Umutoe! Mama iko ndani!" Na hata wakati ule, ndani ya balaa lile, uso wangu nilikuwa nimeugeuzia pembeni.

Kwa pembe ya jicho nilimwona amesimama katikati ya chumba, kitenge amekivuta hadi kufunika uso. Nilidhani anajikinga na moshi. Nilijiambia anajua kujikinga, alifundishwa. Alikuwa akikohoa kwa namna ya mtu anayejizuia kukohoa. Sijui nilisimama pale muda gani. Kuhesabu hadi ishirini, labda thelathini. Muganga hakutokea. Kisha nikasikia mwili wake ukianguka na ndoo ikipinduka.

Hapo ndipo nilipovuta hewa ya nje, nikaibana, nikaingia. Nilimbeba mikononi kama mtu anavyobeba mtoto. Alikuwa mwepesi, jambo lililonitisha kuliko moshi. Nilimlaza uani upande unakotokea upepo, nikamfungua kitenge usoni, na ndiyo mara ya kwanza nilimtazama. Midomo ilikuwa ya buluu na macho yalikuwa yametoka, yananitazama, na mimi nikawa nasema tu, "Mama, pumua. Mama, pumua. Mama." Neno lililokwama dirishani sasa lilikuwa linatoka lenyewe, na halikuwa na faida.

Muganga alikuja mbio na damu ya mzazi bado mikononi. Alipaza sauti watoto wote wahamishwe upande wa mbele, akafungua kila mlango, kisha akasimamisha pikipiki barabarani. Tulimpakia katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kifua asianguke, na njia nzima hadi hospitali kubwa nilihisi mbavu zake zikitafuta hewa chini ya viganja vyangu. Zilikuwa zinapanda, hazipati kitu, zinashuka. Nilimwomba Mungu nikamtukana ndani ya sala moja. Nilimwambia dereva aongeze mwendo, halafu nikamwambia apunguze kwa ajili ya mashimo, halafu tena aongeze, mpaka akaniuliza kama nataka kuendesha mimi.

Wakamweka kwenye mashine ya hewa. Siku ya kwanza daktari alisema mapafu yameungua na kazi yetu ni kungoja. Siku ya pili alisema vile vile. Mke wangu alikuwa ndani, ameshika mkono wa mama yake. Mimi nilikuwa nje, kwenye benchi la ukumbini, kwa sababu mama mkwe alikuwa amefumbua macho, na kwa kuwa amefumbua macho nilirudi kuwa mkwe. Nilisikia kila kikohozi kupitia ukuta. Kila kilipokatika nilisimama, nikingoja kingine kije, maana kikohozi kilikuwa ni ushahidi kwamba bado yupo. Sijawahi kuogopa kimya kama nilivyokiogopa siku zile. Umeme ukikatika na mashine ikinyamaza kabla jenereta haijawaka, nilikuwa napiga ukuta kwa kisogo. Wauguzi walidhani nina malaria.

Hakufa. Baada ya wiki mbili tulimrudisha nyumbani na ile filimbi kifuani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, ukoo wa mke wangu walikuja. Nilivaa koti nikijua nahukumiwa. Nilikuwa nimemshika mama wa mke wangu mikononi, nimemfunua uso, nimemkumbatia juu ya pikipiki mchana kweupe mbele ya mji mzima. Lakini kaka yake mama mkwe, mzee ambaye huwa hacheki, alisimama akasema, "Mukwe wetu aliingia mu sumu, akamubeba mama yake. Nani atasema iko kosa? Kama iko kosa, tuifute leo." Wakachinja mbuzi wa kufuta mwiko. Wakasema kuanzia siku hiyo mimi na mama mkwe tunaweza kusemezana. Nikapewa ini, kipande cha heshima. Mke wangu akalia kwa furaha, akaniita simba wake mbele ya wajomba zake. Mimi nikala lile ini. Lilikuwa limeiva vizuri, na nikala yote.

Toka hapo mke wangu akawa anamsimulia kila mgeni. Jinsi nilivyosikia, jinsi nilivyokimbia, jinsi nilivyoingia. Kwenye hadithi yake hakukuwa na dirisha, kwa sababu dirisha nilikuwa nalijua mimi peke yangu. Heshima si utumwa, wanasema wahenga, na mimi nilikuwa nimeishi nikiliamini neno hilo. Sasa kila alipoanza kusimulia nilitafuta sababu ya kutoka. Nilikuwa mkali kwa watoto. Nilikuwa mkali kwa wateja. Nilikataa kazi mbili za chokaa, nikasema nimeishiwa asidi, wakati bidoni lilikuwa limejaa stooni na nilikuwa nikipita mbali nalo.

Nilivumilia hivyo mwezi mzima na kitu. Halafu alasiri moja, mke wangu akiwa jikoni anamenya ndizi, nilikwenda nyuma ya parsele. Mama mkwe alikuwa ameketi mbele ya mlango wake juani, blanketi mabegani. Mwiko ulikuwa umefutwa, lakini kusemezana kwetu kulikuwa bado ni kwa "jambo" na "umeamkaje" tu. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamtazama usoni kwa makusudi.

"Mama," nikasema, "iko neno. Ile siku niliona weye ku dirisha. Niliona unataka kumwanga klore. Nilikuwa na wakati ya kukuita. Sikukuita. Niliona haya."

Hakushtuka. Alivuta hewa, akangoja ifike, kama afanyavyo sasa kabla ya kila sentensi.

"Ya dirisha, miye sikujua," akasema.

Nikainamisha kichwa. Nilidhani yamekwisha. Nilihisi hata unafuu, kama mtu aliyetua mzigo, nikaanza kutafuta maneno ya kumwomba msamaha.

"Lakini ku mulango, nilikuona," akasema.

Sikuelewa. Nikamwambia ndiyo, pale mlangoni nilikuwa namwita Muganga aje amtoe.

Akavuta hewa tena. Safari hii ilichukua muda, na mkono wake ulikamata blanketi.

"Nilikuwa na nguvu ya kutoka, mutoto wangu. Miguu ilikuwa mizima. Nilikuja mpaka katikati ya nyumba." Akatua, akakohoa, akafuta mdomo. "Mulango iko moja. Na weye ulisimama ndani yake. Miye nigusane na mukwe? Nikafunika uso. Nikangojea utoke, nipite."

Nilibaki nimechuchumaa. Nilikiona tena kile kitenge kilichofunika uso, kile kikohozi cha kujizuia, na mkono wangu mwenyewe juu ya mwimo. Hakuwa akijikinga na moshi. Alikuwa akinipa heshima yangu, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye hewa yake. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia kwa sauti, mwanaume mzima, na sikujali nani anasikia.

Kutoka jikoni mke wangu aliuliza kuna nini huko nyuma.

"Mama," nikasema nilipoweza, "atauliza. Nimuambie nini? Ao utamuambia weye?"

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Kifua chake kilipanda, kikalia, kikashuka.

"Umuambie weye," akasema. "Miye pumuzi haitoshi."